Mbweha Alikufa Bustanini, Mume Wangu Akaninyooshea Kidole

"Ni yeye, afande. Ni bibi yangu ndiye aliweka sumu."

Maneno hayo hayakutoka kwa adui yangu. Yalitoka mdomoni mwa Zubairi, mume wangu, baba wa mtoto niliyekuwa nimembeba mgongoni.

Na kidole alikuwa ameninyooshea kabisa, mbele ya watu.

Katikati ya maharage yangu mbweha alikuwa amelala ubavu, povu limemkaukia mdomoni, na chupa ya dawa iko kando yake. Askari wa mbuga wawili walikuwa wamesimama hapo na bunduki. Mwenyekiti wa mtaa alikuwepo. Jirani yetu Yayeri alikuwa anachungulia juu ya ua.

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Baba Shakib, umesema nini?"

Hakuniangalia.

"Afande, muulize chupa ni ya nani," akasema. "Ile dawa ya pamba. Alitoka nayo kwa baba yake."

Na chupa ilikuwa yangu, wenzangu. Hapo ndipo aliponikamata.

Ngoja niwaeleze vizuri, maana najua kuna mtu ameshaanza kunihukumu huko aliko.

Naitwa Raihana. Naishi Kasese, kule mwisho wa mji, mahali ambapo ukivuka ua wetu wa miti unakutana na nyasi, na baada ya nyasi ni mbuga. Baba yangu ni mkulima wa pamba Kinyamaseke. Nilimwomba dawa kidogo kwa ajili ya wadudu wa maharage. Chupa niliitundika jikoni, juu, mtoto asifike.

Mume wangu ni mtu wa kuku. Ananunua vijijini huko milimani, anawapanga kwenye matenga, anapakia pikapu mpaka Bwera, anawauzia Wakongomani mpakani Mpondwe. Na wale Wakongomani si wajinga. Kuku aliyelala hawamgusi. Wanataka anayepiga kelele.

Kazi yake ya pili ilikuwa kuchinja. Aliwachinjia watu wa muchomo, wale wanaochoma kuku kwenye vijiti njia ya Katunguru. Harusi ikiwepo, anaitwa. Msiba ukiwepo, anaitwa.

Huku kwetu hata Mkristo akiwa na sherehe anatafuta Muislamu amchinjie, ili mgeni yeyote akifika ale bila kuuliza. Na wakishasikia "kachinja Zubairi", basi, watu wananawa mikono.

Mimi nilikuwa natembea mjini kichwa juu kwa sababu ya kisu cha huyo mtu. Msinicheke.

Mbweha walianza kuja mvua zilipoanza.

Asubuhi naamka nakuta maharage yameng'olewa, udongo umetupwa huku na huku. Nikapanda tena. Wakachimbua tena. Nikatundika makopo yapige kelele. Nikaweka miiba. Nikasimamisha nguo kuukuu za Zubairi kwenye mti zifanane na mtu. Mbweha wakachimba chini ya hiyo suruali.

Kuku wangu nao nilikuwa nawahesabu kila jioni, roho juu. Lakini walikuwa wote.

Hilo lilipaswa kunishtua. Halikunishtua.

Siku moja Yayeri akaniita kule kwenye ua. Yayeri ni Mkonzo, mkulima, mtu wa kanisa, ana mdomo lakini ana moyo.

"Mama Shakib, bambi, pole, utapanda maharage mpaka lini? Mbwa wangu amezaa. Chukua mmoja."

"Nitamuuliza baba yake."

"Kwangu hawa wanyama hawakanyagi. Ni mbwa tu ndiyo dawa."

Nikamuuliza Zubairi wakati anakula. Aliacha tonge mkononi.

"Mbwa? Ndani ya ua wangu?"

"Tutamfunga nje, kule nyuma."

"Nyumba yenye mbwa malaika hawaingii. Unataka niswali wapi?"

"Basi tuwaite watu wa mbuga waje wawafukuze."

"Hakuna mtu wa mbuga atakanyaga hapa," akasema. "Hilo niachie mimi."

Nikanyamaza. Tena nilifurahi. Nikajisemea, haya, nimeolewa na mtu wa dini.

Siku chache baadaye ndiyo mbweha akafa, na askari wakatokea bila mimi kujua nani amewaita.

Sasa turudi pale bustanini.

Yule afande mkubwa anaitwa Nobert. Mrefu, sauti nzito.

"Nyabo, kuja hapa."

Nikaenda.

"Hii chupa ni yako?"

"Ni yangu, afande, lakini..."

"Sitaki lakini. Kuua mnyama wa mbuga ni kesi, unajua?"

"Najua."

"Ni wewe uliweka sumu?"

Nilifungua mdomo niseme hapana. Zubairi akasogea, akaniinamia sikioni kama mtu anayeweka vizuri nguo ya mtoto.

"Kubali. Unanyonyesha, watakuonea huruma. Mimi nikienda ndani mtakula nini?"

Nikaufunga mdomo. 

"Nauliza mara ya mwisho," akasema afande.

Nikaangalia chini.

Na kile kimya changu, wenzangu, kilihesabiwa kuwa ndiyo. Nililiona jambo likipita mbele ya macho yangu na sikuweza kulizuia.

Walitaka kunipandisha kwenye pikipiki papo hapo. Mwenyekiti akaniombea kwa sababu ya mtoto.

"Afande, jua limezama. Mama huyu na mtoto mchanga mtampeleka wapi? Acha alale kwake."

Afande Nobert alifikiri.

"Kesho asubuhi nakuja na gari. Nisipomkuta, nachukua wewe mwenyekiti."

Wakafunga yule mbweha kwenye gunia, wakaondoka.

Mlango ulipofungwa tu, Zubairi akanyoosha mkono.

"Lete simu."

"Ya nini?"

"Utampigia baba yako, atakuja kuharibu. Lete."

Akaitia mfukoni. Kisha akamgeukia mama yake. Mama Halimah anaishi na sisi tangu alipofiwa na mzee. Mama mkimya, tasbihi haitoki mkononi.

"Mama, kaa hapa mlangoni. Huyu asitoke."

Mama mkwe wangu akatandika mkeka mlangoni, akakaa. 

Niliumia! Yule mama mimi ndiye ninayemchemshia maji ya kuoga. Sasa amekuwa askari wangu. Hata chooni alinifuata, akasimama nje na tasbihi yake.

Baada ya kula, Zubairi alinikalisha kitandani akaongea kwa upole. Huyo mtu akiwa mpole ndiyo umwogope.

"Utasema uliweka sumu kwa sababu ya kuku wako. Basi. Utalia kidogo. Watakuachia."

"Na wasiponiachia?"

"Watakuachia."

"Baba Shakib, sumu uliweka wewe?"

"Mbweha si walikuwa wanaharibu bustani yako? Nimekusaidia."

"Ulinisaidia, halafu ukaninyooshea kidole?"

Akavuta shuka juu ya miguu.

"Na nikikataa?" nikauliza.

"Ukikataa, kesho usiniite mume. Utarudi kwa baba yako. Na Shakib atabaki. Huyu ni wa ukoo wetu."

Nilihisi maziwa yanauma kifuani. Mtoto alikuwa amelala katikati yetu, ngumi amezikunja.

Nielewe, ndugu msomaji. Nikikubali, naenda ndani, mtoto sijui atanyonya nini. Nikikataa, natolewa nyumbani, mtoto anabaki. Nilizunguka hilo jambo kichwani, kila nikigeuka nagonga ukuta. Simu sina. Mlangoni kuna mama mkwe. Nje kuna askari wanaokuja.

Kisha akasema neno moja ambalo nadhani hata yeye hakujua limemtoka.

"Wewe ukikubali, hawana sababu tena ya kutafutatafuta kwenye hii bustani."

"Kutafuta nini?"

"Lala," akasema, akageukia ukutani.

Alfajiri alitoka kwenda msikitini. Kukapambazuka hajarudi. Mimi nilikuwa dirishani, namnyonyesha Shakib, machozi yanatiririka yenyewe.

Ndipo nikamwona.

Mbweha mwingine. Jike, amekonda, matiti yananing'inia. Aliingia kwa tundu la ua akasimama, akanusa.

Nikasema, huyo, anakwenda kwenye kuku.

Kuku walimwona wakapiga kelele bandani. Yeye alipita mlangoni pa banda wala hakugeuza shingo. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye maharage. Akaanza kuchimba.

 Mnyama mwenye njaa, ana watoto, anawaacha kuku wazima, anachimba maharage?

"Mama," nikamwita mama mkwe. "Njoo uone."

Mama Halimah hakuinuka mkekani.

"Nimeshaona, mwanangu."

"Hujaona, hujafika hata dirishani."

 Mama akavuta mkeka pembeni, mlango ukawa wazi.

"Nipe mtoto," akasema. "Wewe nenda."

Sikuelewa. Lakini mlango uliofunguliwa hauulizwi maswali. Nikampa mtoto, nikatoka mbio, nikamrushia mbweha kandambili kabla hajatia kitu mdomoni. Akakimbilia kwenye nyasi.

Pale alipochimba palikuwa na mdomo wa gunia.

Harufu iliyotoka hapo siwezi kuieleza. Nikafunga pua kwa leso, nikachukua jembe, nikavuta udongo.

Vichwa.

Vichwa vya kuku, jamani. Gunia limejaa, na chini yake gunia lingine, limeoza zaidi. Vilivyokuwa juu vilikuwa vya juzijuzi, vimemwagiwa kitu kinachonuka dawa ya pamba.

Mimi ni mke wa mchinjaji. Nimenyonyoa kuku wengi kuliko siku nilizolala. Kuku akichinjwa mzima, damu inaruka, manyoya ya shingo yanalowa yanashikana. Niligeuza kichwa kimoja kwa ncha ya jembe. Kikavu. Nikageuza kingine. Kikavu, manyoya yote yamesimama safi.

Hawa hawakuchinjwa. Hawa walikatwa wakiwa wameshakufa.

"Funika."

Zubairi alikuwa nyuma yangu, kofia ya kuswalia bado kichwani.

"Raihana, funika hilo shimo."

"Hivi ni nini?"

"Ni kuku waliokufa njiani. Joto, unajua lile joto. Nitawatupa wapi?"

"Mfu anatupwa mzima," nikasema. "Hapa naona vichwa. Miili iko wapi?"

Akatupa macho barabarani.

"Baba Shakib. Miili iko wapi?"

Sikuhitaji jibu. Nilishaiona miili yote kichwani mwangu. Iko kwenye vijiti vya muchomo. Iko kwenye sahani za harusi ya binti wa Yayeri, ambako kila mtu alimpongeza Zubairi kwa kuku laini. Iko kwenye sufuria yangu mwenyewe, siku ya Idi, ile niliyowapakulia wageni kwa mkono huu.

Vibudu. Muislamu mwenye jina, anayekimbia mbwa kwa sababu ya malaika, alikuwa anatulisha vibudu!

Kumbe ndiyo maana mbwa hakutakiwa. Mbwa wa Yayeri angechimba siku ya kwanza tu, tena mchana, watu wakiona. Mbweha nao walikuwa wanachimba, ndiyo maana walipaswa kufa.

"Watu wamekula, nani amekufa?" akasema Zubairi, sauti chini. "Nioneshe aliyekufa."

Nikashika jembe kwa mikono miwili.

Tukasikia gari.

Hapo alibadilika. Mtu mzima alipiga magoti kwenye matope.

"Mama Shakib, sukuma udongo. Sukuma tu kwa mguu. Nakuomba."

Gari likasimama. Milango ikafunguka. Nilikuwa nimesimama na jembe, udongo uko pale karibu na mguu wangu. Kusukuma mara mbili tu, basi, hakuna aliyeona kitu.

Aliona nasitasita, akainuka haraka, akakimbilia mlangoni kwa mama yake.

"Mama, nipe mtoto."

Alitaka kunibana kwa mtoto. Mnaelewa? Nichague pale pale.

Mama Halimah akamkumbatia Shakib vizuri zaidi.

"Sikupi."

"Mama, nipe mtoto wangu."

"Nimesema sikupi, Zubairi. Rudi nyuma."

Sijawahi kumsikia yule mama akiongea hivyo na mtoto wake. Nikamgeukia afande.

"Afande," nikasema. "Mimi sikuweka sumu. Jana nilinyamaza kwa sababu niliogopa kunyang'anywa mtoto. Njoo uone kilichofanya sumu iwekwe."

Afande Nobert alikuja, akainama. Mwenyekiti alikuja naye akarudi haraka ameziba pua. Yayeri alikuwa ameshafika kwenye ua, na niliona uso wake ukielewa polepole, jambo moja baada ya jingine.

"Kumbe ni hii," akasema afande. "Yule mama aliyetupigia simu alituambia tuchimbe chini ya maharage. Sisi tukaona mbweha, tukaishia kwa mbweha."

Zubairi aligeuka kumkabili Yayeri.

"Ni wewe ulipiga simu."

"Mimi?" akasema Yayeri. "Mimi hata namba yao sina. Nimekula harusini kwangu, ssebo, nikakushukuru kwa mikono miwili. Usiniongeleshe."

"Basi ni nani?"

"Ni mimi."

Sote tukageuka.

Mama Halimah alikuwa amesimama mlangoni, mjukuu kifuani. Hakuwa analia.

"Nilitumia simu ya Raihana, alipokuwa anaoga; namba yao iko kwenye kibao cha mbuga," akasema. "Siku hiyo asubuhi nilikuja nyuma kutafuta kuni. Nikakukuta umeshika kuku amekauka miguu. Ukamwekea kisu. Ukasema bismillahi juu ya mfu, mimi nakusikia, kisha ukafukia kichwa kwenye maharage."

"Mama..."

"Nikakumbuka kila paja uliloniletea kitandani nikiwa mgonjwa. Ulikaa ukaniangalia nikila. Uliniambia, kula Mama upate nguvu. Mimi niliyekuzaa."

 Zubairi alivua kofia akaishika mkononi.

"Mama, kwa nini hukuniambia mimi?" nikauliza. 

"Mdomo ulikataa, mwanangu. Ni mtoto wangu. Nikasema waje wageni, watu wa mbuga wanaofuata mbweha, wachimbe wenyewe, nisiwe mimi niliyemtaja. Sikujua atakusingizia wewe." Akambadilisha mtoto bega. "Jana nilikaa mlangoni usiku kucha nikisubiri aseme ukweli mwenyewe. Nilimsikia alivyokuambia kuhusu mtoto. Asubuhi alipopita hapa kwenda kuswali, hata salamu yangu ilikuwa nzito mdomoni."

Afande hakuwa na haraka tena. Alimwambia Zubairi kwa sauti ya kawaida, "Twende," na Zubairi akaenda. Alipita karibu nami, kofia bado mkononi, akaingia kwenye gari.

Hayo ndiyo yaliyonikuta.

Kesi bado inaendelea, na mimi pia nimeandikisha maelezo kwa sababu ya ile chupa. Siku nilipomwona mahabusu, Zubairi alisema nimsamehe, kwamba alinitaja akijua mimi nisingekaa ndani muda mrefu. Nilimwambia na yeye ni mtoto wa mtu, labda watamwonea huruma.

Sikuishia hapo. Nilizunguka mtaa, nyumba moja moja, kwa kila mtu niliyempakulia siku ya Idi, nikamwambia alikula nini. Wengine walilia na mimi. Wengine walinifungia mlango. Shekhe alituambia aliyekula bila kujua hana dhambi, lakini tumbo halisikii hayo kirahisi. Yayeri alikaa wiki nzima bila kuniongelesha, kisha akaja na mtoto wa mbwa kwenye kikapu, akamweka chini, akaenda zake.

Mama Halimah hakutaka kwenda kwa binti zake. Yuko hapa na sisi. Kuna siku anakaa uani hasemi lolote mpaka jioni, na mimi simsumbui, kwa maana yule ni mtoto wake.

Sasa wewe dada unayesoma hapa, nisikilize, sitarudia. Mtu akikuomba ubebe kosa lake, na akamtumia mtoto wako kukufunga mdomo, usiharakishe kumhurumia. Muulize kwanza kuna nini kingine anachoficha, maana kosa unaloliona mara nyingi ndilo dogo.

Na ukiulizwa mbele ya watu, jibu. Mimi niliangalia chini mara moja tu, ikabaki kidogo nikose mtoto.